Kwa Nini Hondohondo Huziba Mlango kwa Ndani

Bibi Saru alikuwa na swali moja lililomshinda, na kila aliposimulia kisa hiki alianza nalo. Hondohondo jike anapotaka kutaga huingia katika shimo la mti, na mlango wa shimo huzibwa kwa udongo hadi ubaki upenyo mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Udongo ule hukandikwa kutoka ndani. Hakuna anayemfungia; hujifungia mwenyewe. Bibi Saru alitaka kujua kama aliyeianza desturi hiyo alijifungia kwa upendo au kwa hasira. Aliwauliza wazee wa upande wa mama yake, akamuuliza mganga wa Kirindi, akamuuliza hata mchungaji wa kanisa, na kila mmoja alimpa jibu lake. Aliyachekecha majibu yote, na hakuna hata moja lililotulia moyoni mwake.

Siku moja aliwasimulia kina mama wa kikundi cha kitalu, kwenye mlima wa Ighondi, walipokuwa wameketi chini wakijaza udongo katika viriba vya miche. Jua lilikuwa linawapiga, maana mlimani hapakuwa na kivuli cha kukaa.

"Ilikuwa hasira, Bibi," alisema Wawuda, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote. "Mimi ningejifungia kwa hasira, na watoto ningemwachia baba yao huko nje."

"Wewe shimo gani litakutosha?" aliuliza jirani yake, na kina mama wakacheka hadi udongo ukamwagika.

Bibi Saru naye alicheka. Kisha aliendelea kushindilia kiriba chake kwa kidole gumba, na akasimulia.

Katika siku hizo hondohondo hakuwa ndege. Alikuwa mtu, na mke wa mtu, na jina lake lilikuwa Wakesho. Mlima wa Ighondi ulikuwa umevaa msitu kutoka kiunoni hadi utosini, na watu walilima chini yake tu, kama mtoto anayekaa miguuni pa mama yake. Katikati ya mlima palikuwa na chemchemi. Ilitoka chini ya mizizi ya mkuyu mkubwa, ikazungukwa na mikuyu mingine na mizambarau mwitu, na maji yake yalishuka hadi vijijini bila kuchimbiwa mfereji.

Wakesho ndiye aliyewafunda watoto habari za msitu. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli aliwakusanya watoto waliokwisha kung'oka meno ya utotoni, akawapeleka juu, akawatajia miti kwa majina na kuwapa miko. Ukikata mti wa kwenye chemchemi, pua yako itatoka damu isiyokoma. Ukivunja kuni mbichi, chungu chako kitapasuka mbele ya wakwe. Ukichoma mzinga wenye nyuki, utaota upara kabla ya kuoa. Watoto walisikiliza wakiwa wameshika pua zao. Waliporudi nyumbani walikuwa wamefundwa, na hakuna aliyehitaji kuwalinda tena maisha yao yote.

Shangazi yake, alipokuwa akimwachia kazi ile, alimpeleka kwenye mkuyu mkubwa na kumwambia habari nyingine. Alimwambia kwamba mizizi ile imeyakumbatia maji kama vidole, na kwamba msitu wote ulioko juu unainywesha ardhi polepole mvua inaponyesha, ili ardhi nayo iitoe polepole jua linapowaka.

"Basi niwaambie hivyo watoto, shangazi?" Wakesho aliuliza.

"Usiwaambie. Mtoto hajui chemchemi ni kitu gani, kwa sababu hajawahi kuikosa. Lakini pua anaijua."

Wakesho alitii. Na tusimlaumu, wala shangazi yake tusimlaumu, kwa kuwa miko ile ilifanya kazi. Vizazi vingi vilizeeka na kuzikwa katika kivuli cha miti ile, na pua zao zilikuwa kavu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, boriti kuu ya nyumba ya Mwandoe ilivunjika. Mwandoe alikuwa mdogo wake Maghanga, mume wa Wakesho. Alikuwa mtu mkimya, hodari wa shoka, na mkewe alikuwa karibu kujifungua. Miti iliyoruhusiwa kukatwa ilikuwa upande wa pili wa mlima, na njia ya huko ilikuwa tope tupu. Mvua ilikuwa ikimnyeshea mkewe kitandani. Mwandoe alipanda hadi kwenye chemchemi, akaukata mzambarau mmoja ulionyooka vizuri, akauburuta hadi nyumbani. Aliezeka nyumba yake. Kisha alichukua kigoda, akaketi mlangoni na kitambaa mapajani, akaisubiri damu.

Damu haikutoka. Jirani mmoja alipita akamwona, akauliza, akaambiwa. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimepita.

"Mwandoe, pua inasemaje?"

"Haijasema kitu."

"Labda inangoja ulale."

Asubuhi walirudi. Wengine walimwinua kidevu wakamchungulia puani kama watu wanaochungulia kisima. Mwandoe aliwaacha, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kujua. Wakesho naye alikwenda kila siku, akaketi na mke wa shemeji yake, akampikia uji. Mtoto alizaliwa, msichana mwenye afya, ndani ya nyumba kavu. Na Wakesho, akiwa amemshika mtoto yule mikononi, alijikuta akiomba kimoyomoyo damu itoke puani mwa baba yake, hata tone moja tu. Alipotambua anachokiomba aliona haya, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda zake.

Mtu mmoja akivuka mto salama, hata wenye woga hukunja nguo. Mwanamke mmoja alivunja kuni mbichi, chungu chake kikawa kizima mbele ya wakwe na mboga ikaiva. Vijana walichoma mzinga, wakala asali, na nywele zao zikabaki vichwani. Miko ilijaribiwa mmoja baada ya mwingine, na kila uliojaribiwa ulianguka. Watu walisema wazee waliwadanganya. Jambo la kusikitisha ni kwamba walikuwa wanasema kweli.

Wakesho aliomba baraza. Alisimama mbele ya Mzee Righa, aliyekuwa mkubwa wa baraza, akawaeleza yote aliyoelezwa na shangazi yake: habari ya mizizi, na ardhi inayonyweshwa polepole, na maji yatakavyoporomoka yasiposhikwa. Alisema vizuri. Mzee Righa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, maana hakuwa mtu wa dharau.

"Mke wa Maghanga," alisema, "jana ulisema damu. Leo unasema maji. Kesho utasema nini?"

Watu walicheka, lakini Mzee Righa hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati, na alingoja jibu.

Ardhi nayo ilishuhudia kinyume chake. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka upande wa mashariki, maji ya chemchemi yaliongezeka. Yalifurika hadi kina mama wakalalamika kwamba njia imelowa. Mashamba mapya yaliyolimwa juu yalitoa viazi vikubwa kama vichwa vya watoto. Wakesho alipopita, watu walimwonyesha viazi. Hawakumtukana, walimpa hata vya kubeba. Alivipika akavila, navyo vilikuwa vitamu.

Mwaka uliofuata maji yalirudi kuwa kama zamani. Baadaye yalipungua, kidogo sana, kiasi kwamba kila mmoja alidhani ni kibuyu chake ndicho kilichozidi kuwa kikubwa. Mvua ziliponyesha zilishuka zote kwa mara moja, nyekundu, zikabeba viazi na mashamba yake. Zilipokatika, hazikuacha kitu. Watu walipanda juu zaidi kutafuta ardhi mpya, wakafyeka, hadi Ighondi yote ikawa uchi, isipokuwa mkuyu mmoja mkubwa juu ya chemchemi. Huo walikuwa wameuacha kwa sababu ulikuwa mnene mno na ndani una uvungu, hivyo haufai kwa boriti.

Sasa kina mama walikaa foleni kwenye chemchemi, na maji yalitoka kama uzi. Walipokuwa wakingoja hawakuwa na kingine cha kutazama ila mkuyu ule. Kila kitu kingine kilikuwa kimekauka, nao ulikuwa wa kijani kibichi. Mizizi yake ilikuwa imeingia ndani kabisa ya jicho la maji.

"Mnaona?" alisema mmoja wao. "Sisi tunangoja, na mwenzetu anakunywa."

Neno lile lilifika barazani, na lilikuwa na mantiki yake. Watu wamekaukiwa, mti mmoja hauna kiu, basi maji yako wapi? Baraza liliamua mkuyu ukatwe mwezi utakapoandama, ili maji yarudi kwa watu. Kazi alipewa Mwandoe kwa sababu shoka lake lilikuwa kali, na tena, kama alivyosema mzee mmoja, pua yake ilikuwa imekwisha kujaribiwa.

Wakati huo Wakesho alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya kwanza, imekuja baada ya miaka mingi ya ndoa, wakati yeye na Maghanga walikuwa wamekwisha kuacha kuizungumzia. Alikuwa ameshuhudia miko yote ikianguka, na alipokuwa akiyawaza hayo, alikumbuka kwamba kulikuwa na mmoja ambao haujaguswa na mtu yeyote.

Mwanamke wa Ighondi alipokaribia kujifungua aliingia ndani ya nyumba ya uzazi, na mlango wake ulizibwa kwa udongo, ukaachwa upenyo. Aliletewa chakula na mumewe kwa upenyo ule. Nyumba hiyo haikubomolewa, haikupigiwa kelele, wala hakuna aliyeigusa hata kama ilikuwa imejengwa shambani mwa adui yake, mpaka mzazi mwenyewe auvunje udongo na kutoka na mtoto. Mwiko huo haukuwa na tishio lolote. Haukusema pua wala upara. Hakuna aliyewahi kuuliza sababu yake, kwa kuwa kila mmoja alizaliwa katika nyumba kama hiyo.

Wakesho alimwambia mumewe amletee udongo wa mfinyanzi.

"Wa nini?" Maghanga aliuliza. "Nyumba ya uzazi nimekwisha kukujengea. Hata paa nimeliezeka."

"Nimeiona, baba. Ni nzuri. Lakini hiyo hawataki kuikata."

Maghanga alielewa. Alimtazama mkewe na tumbo lake, kisha alichukua jembe akaenda mtoni. Wakesho aliingia ndani ya uvungu wa mkuyu. Maghanga alifinyanga madonge ya udongo akampitishia moja moja, na yeye aliyapokea akayakandika kutoka ndani, hadi Maghanga akaona uso wake nusu, kisha jicho, kisha mkono tu unaolainisha.

Mwezi ulipoandama Mwandoe alifika na shoka lake. Aliuona udongo mbichi, akasimama.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, shemeji yako."

"Karibu, shemeji. Samahani siwezi kukukaribisha ndani. Humu kuna mzazi."

Mwandoe aliliweka shoka chini. Alivua kofia, kama ilivyowapasa wanaume mbele ya nyumba ya uzazi, akarudi kijijini kwenda kutoa habari.

Baraza lilikaa kutwa nzima. Wapo waliosema mti si nyumba. Wapo waliosema nyumba ni mahali alipo mtu. Kina mama waliokuwa na mitungi mitupu walisema watoto wao nao ni watoto. Mwishowe Mzee Righa aliinua mkono.

"Sisi si wanyama," alisema. "Nyumba ya mzazi haiguswi. Mti utakaa mpaka mwenyewe atoke. Lakini kijiji hakitamlisha. Atalishwa na mumewe peke yake. Na Mwandoe atakaa pale na shoka, ili siku atakayotoka, kazi ifanyike siku hiyo hiyo."

Watu walitawanyika wakiwa wameridhika. Kila upande uliona umeheshimiwa.

Ndipo ulipoanza msimu mrefu wa kungoja. Maghanga alitafuta matunda, kwa kuwa mashamba hayakuwa na kitu, na matunda yalikuwa mbali, huko kwenye milima ya watu wengine. Aliondoka alfajiri na kikapu kichwani, akapita katika mashamba yaliyochomwa, akarudi jioni mweusi kwa masizi. Mwandoe aliketi kivulini na kofia mkononi. Hakuruhusiwa kumpa Wakesho chakula, lakini hakuna aliyemkataza kuzungumza naye, na siku zilikuwa ndefu.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Wakesho alifundisha bila kutisha. Hakukuwa na jambo la kumtishia mtu yule; tishio lake lilikuwa limekwisha kumfia puani. Alimwambia aweke sikio kwenye shina, asikilize. Mwandoe aliliweka. Ndani kabisa, chini, alisikia maji yakitembea.

"Yanapanda juu ya mti?" aliuliza.

"Yamelala. Mti umeyalaza. Chimba hapo ulipoketi, kwa kidole tu."

Alichimba, na udongo ulikuwa baridi na unyevu. Alikwenda mahali palipokuwa na msitu zamani akachimba huko, na kidole chake kilitoka na vumbi. Alirudi akaketi. Siku iliyofuata aliuliza, na Wakesho akajibu, naye akauliza tena. Alielewa. Bibi Saru alipofika hapa husisitiza sana: Mwandoe alielewa kila kitu, kama Wakesho alivyokielewa, na labda zaidi, maana yeye alikuwa ameikata miti kwa mkono wake na aliujua uzito wake.

Alikwenda barazani kuwaeleza. Walimsikiliza kidogo.

"Amekulisha makuyu?" mmoja aliuliza.

"Wewe Mwandoe," alisema mwingine, "si wewe uliyetuonyesha pua kavu? Tulikuamini wakati ule. Sasa tukuamini tena kwa kinyume chake?"

Mwandoe alirudi chini ya mti. Alipoulizwa na Wakesho walisema nini, alijibu kwamba wanafikiria. Alikuwa mtu mpole.

Mtoto alizaliwa ndani ya mti. Maghanga alisikia kilio chake alipokuwa bado mbali, akakimbia, na kukimbia kwake kulikuwa kwa ajabu, miguu ilikuwa haigusi chini kila mara. Safari zake zilikuwa zimemgeuza. Mikono yake, kwa kupepea ili kuruka makorongo, ilikuwa imeota manyoya. Mdomo wake, kwa kupenyeza tunda moja moja katika ule upenyo, ulikuwa umerefuka na kupinda. Kikapu alichokuwa hakitui kichwani kilikuwa kimeshikana na fuvu, kikawa pembe nene juu ya mdomo, nacho hadi leo ni mzigo usiotuliwa. Masizi yalimganda mgongoni na kifuani. Tumbo lake tu, alilokuwa akiliegemeza kwenye shina alipokuwa akimlisha mkewe, lilibaki jeupe.

Naye Wakesho, katika giza lile jembamba, alikuwa akigeuka bila kujiona. Nguo zake alizichana moja moja kumtandikia mtoto, na mahali pa nguo paliota manyoya. Alijua tu kwamba maneno yanamjia kwa shida. Alipomwita Mwandoe, sauti ilitoka ndefu kuliko alivyokusudia.

Ila masikio yake yalikuwa mazima. Mchana kutwa aliyasikiliza maji yaliyokuwa chini ya miguu yake. Aliyasikia yakipungua. Mkuyu mmoja hauwezi kuyakumbatia maji ya mlima mzima. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimeshika kile ambacho misitu yote ilikuwa imekiacha, navyo vilikuwa vinachoka. Asubuhi moja aliamka, na chini yake palikuwa kimya. Alingoja. Alimtikisa mtoto aache kulia ili asikie vizuri. Hapakuwa na kitu cha kusikia.

Siku hiyo hiyo binti wa Mwandoe, yule aliyezaliwa chini ya boriti ya mzambarau, alipita pale chini akitoka bondeni na mtungi kichwani. Alikuwa sasa msichana wa kuteka maji. Bonde lilikuwa mbali, na miguu yake ilikuwa imepasuka. Alimpa baba yake maji ya kunywa, machache, ya tope. Mwandoe alikunywa nusu ya alichopewa akamrudishia kilichobaki. Wakesho aliyaona hayo kwa upenyo.

Basi aliuvunja udongo. Aliuvunja kwa mdomo, kwa kuwa sasa alikuwa na mdomo. Alitoka na mtoto wake, na Maghanga alikuwa amesimama juu ya tawi akiwangoja. Mwandoe alisimama, akamwona shemeji yake alivyogeuka, naye hakukimbia. Alimsalimu kama anavyosalimiwa mzazi aliyetoka ndani.

Wakesho alitaka kumwambia. Alitaka kusema kwamba maji yamekwisha kwenda, kwamba kuukata mti sasa hakutarudisha chochote, ila ukiachwa, mbegu zake huenda zikaanza tena kazi ambayo wajukuu wa wajukuu wataiona. Alikuwa nayo maneno yote hayo. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio, kirefu, kama cha mtoto aliyeachwa shambani. Alijaribu tena. Kilitoka kilio kile kile.

"Nimekuelewa, mke wa kaka," Mwandoe alisema. "Tangu zamani nimekuelewa."

Alimtazama binti yake, aliyekuwa anashuka njiani polepole na mtungi wake. Alitazama chini, kijijini, ambako watu walikuwa wamekwisha kusikia kilio na walikuwa wanapanda na mitungi wakikimbia, wakiitana, wakidhani maji yanarudi. Kisha alivaa kofia yake, kwa kuwa nyumba haikuwa tena na mzazi, akainua shoka.

Mkuyu ulianguka jioni. Chini ya kisiki palikuwa na shimo la vumbi, na watu walilizunguka na mitungi yao, wakakaa hapo hadi walipochoka kukaa. Hakuna aliyemlaumu mwingine. Kabla ya mwezi kuandama tena walikuwa wamefunga mizigo na kushuka kwenye nyika.

Na tangu siku hiyo hondohondo hana maneno, ana kilio tu, na anayekisikia kwa mbali hudhani ni mtoto. Tangu siku hiyo dume hubeba pembe juu ya mdomo, mgongo mweusi na tumbo jeupe, naye huruka mbali sana kutafuta tunda moja. Na kila mwaka jike hutafuta mti mkubwa wenye uvungu, popote ulipobaki, akaingia akaziba mlango kwa ndani, kwa kuwa sheria anayoijua yeye ni hiyo moja: nyumba ya mzazi haiguswi mpaka mwenyewe atoke.

Kina mama wa kitalu walirudia viriba vyao. Wawuda aliuliza kama miche ya mikuyu wanayoipanda itawahi kuwa na uvungu wa kutosha ndege. Bibi Saru alimjibu kwamba mkuyu huota uvungu ukizeeka, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao, wala kati ya watoto wao, atakayeuona.

Mwaka huo kamati ya mazingira ya kijiji ilikutana kuhusu mkuyu uliobaki bondeni, mahali palipopimwa kujengwa tangi la maji. Maji hayo yangetoka mbali kwa bomba, na watu walikuwa wameyangoja miaka mingi. Fundi alikuwa tayari na saruji ilikuwa imefika. Mjumbe mmoja alisema kuna hondohondo ndani ya mti, mlango umezibwa na dume analeta makuyu. Kamati ilijadili kwa heshima, kwa kuwa wote walikijua kisa. Waliamua kwa kauli moja msumeno usubiri mpaka jike atoke na kinda lake, na Bibi Saru, aliyekuwa mjumbe, aliinua mkono pamoja na wenzake. Msumeno ulisubiri. Kinda liliporuka, kazi ya kuukata mti ilifanywa na mwana wa pili wa Bibi Saru, Mwadime, ambaye alianza asubuhi kabla jua halijawa kali na kumaliza kabla ya chakula cha mchana.